Nomino zitokanazo na vitenzi: mwisho wa neno na ngeli yake, kwa kulinganisha na Kilatini

Mdai ni mtu anayestahili kulipwa. Mdaiwa ni mtu anayepaswa kulipa. Maneno hayo mawili hutenganishwa na silabi moja tu, -wa, iliyo mwishoni mwa neno la pili. Mkataba ulioandikwa bila silabi hiyo mahali pake humtwisha mtu deni lisilo lake. Mshtaki na mshtakiwa, mwajiri na mwajiriwa, mfungaji na mfungwa hutofautiana kwa njia hiyohiyo. Kwa sababu hiyo, nomino zitokanazo na vitenzi zinastahili kusomwa kwa makini kuliko inavyofanywa katika vitabu vingi, ambavyo hutoa orodha ya mifano na kumwachia mwanafunzi kazi ya kukariri.

Kila nomino ya aina hii hubeba habari tatu. Mzizi hueleza tendo. Mwisho wa neno hueleza uhusiano wa nomino na tendo hilo: ni mtendaji, mtendwa, chombo, mahali, matokeo au hali? Mwanzo wa neno huonyesha ngeli, na ngeli hutawala upatanisho wa sentensi nzima. Kilatini nacho huunda nomino nyingi kutokana na vitenzi, lakini huziweka habari mbili za mwisho mahali pamoja, mwishoni mwa neno. Kuzilinganisha lugha hizi mbili humsaidia msomaji kuona Kiswahili kinavyogawa kazi.

Mifano mingi ya makala haya imechukuliwa katika shughuli za watu wa bonde la chini la Mto Rufiji, kuanzia Kata ya Mtunda katika Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani, hadi kwenye delta yenye mikoko. Huko watu hulima mpunga, hukwea minazi, huvua samaki na kamba, huvuka mto na huyakabili mafuriko. Karibu kila shughuli kati ya hizo ina kitenzi chake, na kila kitenzi kina uzao wake wa nomino.

Kilatini: kazi mbili katika kiambishi kimoja

Kitenzi cha Kilatini colere maana yake ni kulima, kutunza au kukaa mahali. Kutokana nacho hupatikana cultor (mkulima), cultura (ukulima au utunzaji) na cultus (utunzaji, na pia ibada). Pamoja na ager, yaani shamba, kitenzi hicho huzaa pia agricola, neno jingine la mkulima.

Nomino za Kilatini hubadilika mwisho kulingana na kazi zake katika sentensi. Mkulima akiwa kiima huitwa cultor. Akiwa yambwa huwa cultorem. Na katika umilikaji, “wa mkulima” huwa cultoris. Mabadiliko hayo yamegawanywa katika makundi matano, na mwanafunzi hulitambua kundi la nomino kwa umbo lake la umilikaji. Cultor, cultoris ni la kundi la tatu. Cultura, culturae ni la kundi la kwanza. Cultus, cultus ni la kundi la nne. Agricola, agricolae ni la kundi la kwanza. Hivyo kitenzi kimoja kimezaa nomino za makundi matatu, na kiambishi kilichochaguliwa ndicho kilichoamua kundi. Kiambishi -tor huleta mtendaji wa kundi la tatu. -Tura huleta tendo au kazi, katika kundi la kwanza. -Tus huleta tendo, katika kundi la nne. -Tio, kama katika actio, huleta tendo katika kundi la tatu. Vyombo huwa na viambishi vyake: arare, kulima kwa jembe la kukokotwa, huzaa aratrum, jembe hilo lenyewe, la kundi la pili.

Jambo jingine la kuangalia ni shina. Nomino hizi hujengwa kwa shina lilelile lionekanalo katika umbo la kutendwa. Scribere, kuandika, ina umbo scriptum; mwandishi ni scriptor, wala si *scribtor. Agere, kutenda, ina actum. Hivyo actor na actio. Currere, kukimbia, ina cursum. Hivyo cursor na cursus. Konsonanti ya mwisho wa mzizi imebadilika kwa kukutana na sauti iliyoifuata. Mwalimu wa Kiswahili atalitambua jambo hili mara moja, kwa kuwa pika huzaa mpishi.

Mwisho wa neno katika Kiswahili

Irabu -i ndiyo kiambishi kikongwe cha mtendaji, na huibadilisha konsonanti iliyo mbele yake kwa utaratibu unaotabirika kwa sehemu kubwa:

– k huwa sh: pika, mpishi, andika, mwandishi, cheka, mcheshi.
– t huwa s: fuata, mfuasi.
– nd na ng huwa nz: linda, mlinzi, penda, mpenzi, jenga, mjenzi, tunga, mtunzi.
– mb huwa mv, na w huwa v: gomba, mgomvi, lewa, mlevi.

Vitenzi vingi viishiavyo na irabu mbili huonekana kuvunja utaratibu huu. Kwea huzaa mkwezi, yule apandaye mnazi kuangua nazi, lea huzaa mlezi, tembea, mtembezi, nyoa, kinyozi, okoa, mwokozi. Sauti z imetoka wapi? Zamani mizizi hiyo iliishia na konsonanti, ambayo Kiswahili kiliiacha ikapotea kati ya irabu. Ilipofuatwa na -i haikupotea, bali iligeuka z. Ushahidi mzuri umo katika kitenzi teua. Mtu aliyeteuliwa ni mteule, na tendo lenyewe ni uteuzi: mbele ya -e konsonanti imebaki l, na mbele ya -i imekuwa z. Mvuvi ana historia ya namna hiyo. Mzizi wa vua, kwa maana ya kutafuta samaki, uliishia na sauti ya b. Sauti hiyo imetoweka katika kuvua lakini inasikika kama v katika mvuvi na uvuvi. Kwa hiyo v ya pili katika mvuvi haikuongezwa na mtu: ni mabaki ya mzizi wa kale.

Utaratibu huu una vighairi. Shinda huzaa mshindi, si *mshinzi. Vitenzi vya asili ya Kiarabu viishiavyo na -i havihitaji badiliko lolote: safiri, msafiri, hifadhi, mhifadhi, dai, mdai.

Kiambishi -aji nacho huunda mtendaji, lakini hakibadilishi konsonanti, nacho husisitiza tendo linalofanyika au linalorudiwa. Kinapokaa sambamba na -i, maana hugawanyika. Msomi ana elimu, msomaji anasoma. Mpishi ana kazi ya upishi. Mpikaji ni yeyote apikaye. Nomino dhahania hufuata mgawanyo huo: uvuvi ni shughuli kwa jumla, kama katika “sekta ya uvuvi”, uvuaji ni kitendo chenyewe, kama katika “uvuaji wa kamba wakati wa usiku”. Mfasiri anayetumia moja mahali pa jingine hakosei sarufi, lakini hupoteza tofauti ambayo wasomaji wake wanaijua.

Irabu -a hutumika zaidi pale mtendaji anapofuatwa na yambwa: mkata mikoko, mpiga makasia, mchoma mkaa, mfanyabiashara. Maneno machache ya -a husimama peke yake, kama mgema na mganga. Mkulima ni umbo la pekee, kwani limehifadhi ku- ya kitenzi-jina ndani yake: m-ku-lima.

Irabu -o huleta chombo, mahali, namna au matokeo: kivuko, mtego, ufunguo, mwendo, jengo, mavuno, mafuriko. Haibadilishi konsonanti: vuka huzaa kivuko, na k imebaki k.

Irabu -e huleta aliyetendwa au kilichotendwa: mtume ni aliyetumwa, kiumbe ni kilichoumbwa, mshinde ni aliyeshindwa. Umbo hili halizai tena maneno mapya kwa wingi. Siku hizi kazi yake hufanywa na -wa ya kauli ya kutendwa, kama katika mshtakiwa na mwajiriwa. Pale yanapopatikana maumbo yote mawili, maana zimeachana kabisa. Mtume na mtumwa wote wametoka katika tuma, lakini utume ni heshima na utumwa ni kunyimwa uhuru.

Kuna hatimaye -vu na -fu, viletavyo sifa au hali iliyokaa ndani ya mtu: tulia, mtulivu, vumilia, mvumilivu, danganya, mdanganyifu, haribu, mharibifu.

Mwanzo wa neno: ngeli na upatanisho

Mwisho wa neno peke yake hautoshi kuonyesha ngeli. Irabu -o yaonekana katika kivuko (KI-VI), mtego (U-I), lindo (LI-YA) na ufunguo (U-ZI). Hata kitenzi kimoja huweza kuzaa nomino za -o katika ngeli mbili: funga hutoa kifungo, yaani adhabu ya gerezani au kishikizo cha nguo, na mfungo, yaani kipindi cha kufunga chakula. Kinachotofautisha maana hizo ni kiambishi awali, na sentensi nzima hukifuata: kifungo hiki kimekwisha, mfungo huu umekwisha.

Hapa ndipo Kiswahili na Kilatini huachana. Nomino ya Kilatini hubadilika yenyewe ili kuonyesha kazi yake katika sentensi. Nomino ya Kiswahili, ikishaingia katika umoja au wingi, haibadiliki tena iwe kiima au yambwa; badala yake huyafanya maneno mengine yaifuate. Linda mpunga usiliwe na ndege, na uzao wa kitenzi hicho utatawala sentensi tatu tofauti:

– Mlinzi huyu amekesha shambani.
– Ulinzi huu umeokoa mpunga.
– Lindo hili liko mbali na mto.

Mafuriko ni nomino ya LI-YA itumikayo katika umbo la wingi. Husemwa “mafuriko haya yameharibu mashamba”, wala si “mafuriko hii imeharibu mashamba”. Kosa hili husikika sana kwa sababu msemaji hufikiria tukio moja, ilhali sarufi hufuata ma-. Mavuno na mapokezi hufuata njia hiyohiyo.

Kuna pahali pamoja ambapo umbo hushindwa na maana, na lugha zote mbili hukutana hapo. Kiongozi ametokana na ongoza, na kinyozi na nyoa. Yote mawili yana ki-, lakini husemwa “kiongozi mzuri amefika”, si “kiongozi kizuri kimefika”, kwa kuwa anayetajwa ni mtu. Katika Kilatini, nomino za kundi la kwanza kwa kawaida ni za jinsia ya kike. Agricola imo katika kundi hilo na hubadilika kama nomino nyingine za kundi hilo. Hata hivyo mkulima mwema ni agricola bonus, kwa sifa ya kiume, si agricola bona. Agricola na kiongozi wamevaa mavazi ya kundi moja huku wakihesabiwa katika jingine. Mwalimu anayefundisha upatanisho wa viumbe vyenye uhai anaweza kuutumia mfano huu kuonyesha kwamba jambo hilo si ukaidi wa Kiswahili peke yake.

Kitenzi-jina cha KU

Kuvua ni nomino na bado ni kitenzi. Hutawala upatanisho kama nomino: “Kuvua kwao kunategemea maji kupwa na kujaa.” Wakati uohuo huweza kuchukua yambwa (kuvua kamba), kukanushwa (kutovua) na kuelezwa na kielezi (kuvua usiku). Uvuvi hauwezi kukanushwa kwa -to- wala kuchukua yambwa moja kwa moja. Ni lazima kusema “uvuvi wa kamba”. Kilatini hugawa kazi hii kwa maumbo mawili: piscari, kuvua, huweza kuwa kiima, na pale uhusika mwingine unapohitajika huja piscandi au piscando. “Ufundi wa kuvua” kwa Kilatini ni ars piscandi. Kiswahili hutumia kuvua hilohilo mahali pote.

Katika mfano huu kuna tofauti ndogo ya asili. Mvuvi ametokana na kitenzi vua. Piscator ametokana na kitenzi piscari, lakini piscari chenyewe kimetokana na nomino piscis, samaki. Kwa hiyo si kila mtendaji mwenye kiambishi cha mtendaji ana kitenzi kama chanzo chake cha mwisho.

Maneno ya Kilatini yaliyofika Kiswahilini

Nomino kadhaa za Kilatini zitokanazo na vitenzi zimefika katika Kiswahili, nyingi zikipitia lugha nyingine za Ulaya. Agenda, kutokana na agere, maana yake ilikuwa “mambo ya kutendwa”, na data, kutokana na dare, “vilivyotolewa”. Katika Kilatini yote mawili ni wingi. Kiswahili hakikuuliza habari za wingi huo: ajenda imeingia ngeli ya I-ZI, nasi husema “ajenda hii imepitishwa” kwa moja na “ajenda hizi zimepitishwa” kwa nyingi. Neno daktari linarudi kwa doctor, aliyekuwa mwalimu, kutokana na docere, kufundisha. Wingi wake ni madaktari, na upatanisho wake ni wa A-WA.

Kitenzi mittere, kutuma, kina uzao wa kuvutia. Misa, ibada ya Wakatoliki, hutokana na missa, umbo la kitenzi hicho, kwa sababu ya maneno ya kuwaaga waumini mwishoni mwa ibada. Kutokana na mittere pia Kilatini kilipata commissio, neno ambalo Waingereza hulitumia kwa chombo kilichopewa kazi maalumu. Kiswahili kilipohitaji jina la chombo cha namna hiyo, kilichukua kitenzi chake chenyewe, tuma, kikaunda tume. Lugha mbili zisizo na undugu zimefuata njia moja ya fikra: tume ni kundi lililotumwa.

Pale kosa linapogharimu

Mwezi Aprili 2024 mafuriko makubwa yalizikumba wilaya za Rufiji na Kibiti. Tukio la aina hiyo huzaa maandishi mengi: taarifa, orodha za misaada, maombi ya fidia, tafsiri kwa mashirika ya kigeni. Ndani ya maandishi hayo nomino zitokanazo na vitenzi ndizo zinazowataja watu, na mwisho wa neno ndio unaoeleza mtu alitenda nini au alitendwa nini.

Chukua kitenzi athiri. Mwathirika ametoka katika kauli ya kutendeka, athirika. Linaeleza hali ya mtu bila kumtaja aliyeisababisha. Mwathiriwa ametoka katika kauli ya kutendwa, athiriwa. Linaashiria kwamba kuna kilichomtenda. Waandishi wa Tanzania hutumia zaidi la kwanza, na wa Kenya hutumia sana la pili. Yote mawili ni sahihi. Hata hivyo mfasiri wa shauri la jinai, ambamo mtendaji ndiye anayetafutwa, ana sababu nzuri ya kuchagua mwathiriwa. Na mwandishi wa taarifa ya mafuriko ana sababu nzuri ya kuchagua mwathirika. Tanzania neno mwathirika limetumika pia kwa muda mrefu kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, kwa hiyo ni vyema lisindikizwe na jina la tukio: “waathirika wa mafuriko”. Nomino ya kitu chenyewe haihitaji kuundwa upya, kwa kuwa Kiswahili kilikwisha kulipokea neno athari pamoja na kitenzi chake.

Kitenzi hama kinahitaji uangalifu zaidi. Mhamaji huhama, na mara nyingi neno hilo humtaja mtu asiye na makazi ya kudumu. Mhamiaji amehamia mahali kutoka kwingine. Mhamishwa amehamishwa na wengine. Familia iliyoondolewa bondeni na wenye mamlaka ikiandikwa “wahamaji”, msomaji wa mbali ataelewa kwamba hiyo ndiyo desturi yao, na swali la nani aliyewahamisha, na kwa ahadi gani, litakuwa limefutwa na kiambishi. Pale nomino inapotia shaka, kishazi cha rejeshi ni salama zaidi: “waliohama”, “waliohamia”, “waliohamishwa”. Kiswahili hakimlazimishi mwandishi kuunda nomino kwa kila tendo.

Ndivyo ilivyo pia katika vikundi vya kuweka na kukopa. Mkopaji hupokea fedha; mkopeshaji hutoa. Kiambishi -sh- kilicho katikati ya neno ndicho kinachoonyesha ni nani atakayelipa.

Maswali matatu kabla ya kuandika

Mwandishi anayekutana na nomino ya aina hii, au anayetaka kuiunda, ajiulize maswali matatu kwa mpangilio huu. Kwanza, kitenzi kiko katika kauli gani: kopa au kopesha, hama au hamishwa, athirika au athiriwa? Pili, mwisho wa neno unamtaja nani au nini: mtendaji, mtendwa, chombo, matokeo au hali? Tatu, kiambishi awali kinaliweka neno katika ngeli gani, na je, anayetajwa ni kiumbe chenye uhai atakayevuta upatanisho wa A-WA hata akivaa ki-?

Mfano mmoja unatosha kuyajaribu. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, magari ya barabara ya kusini yaliuvuka Mto Rufiji kwa kivuko. Kitenzi ni vuka, katika kauli ya kutenda. -O inataja chombo, na pia mahali pa kuvukia. Ki- inaleta “kivuko hiki kimechelewa”. Aendeshaye chombo hicho havuki tu, bali huwavusha wengine. Kwa hiyo yeye ni mvushaji, na abiria ni wavukaji. Neno daraja, kwa upande wake, lilifika kutoka Kiarabu likiwa nomino tayari. Halina kitenzi cha Kiswahili nyuma yake, na maswali ya kwanza na ya pili hayalihusu.